Sura Imegoma Kufanana: Kutafuta Ubovu wa Mchoro wa Penseli

Mchoro wa penseli ukigoma, mkono hukimbilia raba. Jicho linaonekana baya, unafuta jicho. Unalichora upya, bado baya, unafuta tena, mpaka karatasi inaanza kutoa manyoya. Na pengine jicho halikuwa na kosa lolote. Ni pua iliyoshuka kupita kiasi, ikaliacha jicho likionekana limepaa. Katika kuchora sura, mahali unapouona ubovu mara nyingi sipo ulipoanzia. Fundi pikipiki anayeijua kazi yake hafungui injini kwa kuwa tu pikipiki imekataa kuwaka. Huangalia kwanza mafuta, plagi na waya. Basi weka raba mezani kwanza.

Haya yafuatayo yamepangwa kwa dalili, kadiri mchoraji anavyozikuta. Nimewalenga wanaochora kwa kupenda tu, jioni baada ya kazi, kwa penseli na karatasi za steshenari za mjini Mwanza na picha zilizomo kwenye simu.

Sura haifanani, lakini huoni kosa liko wapi

Hii ndiyo dalili kuu, na ndiyo inayowafanya wengi waache. Huoni kosa kwa sababu umeutazama mchoro muda mrefu hadi umeuzoea. Utazame ukiwa mgeni: ushike mbele ya kioo, au ugeuze juu chini pamoja na picha unayoiigiza, au upige picha kwa simu kisha uiweke kando ya ile ya asili, zote zikiwa na ukubwa uleule. Njia ya simu ndiyo haina huruma. Taya lililopinda ambalo hukuliona jioni nzima litaonekana mara moja.

Kosa likishajitokeza, anza kuhoji macho yamekaa wapi. Mtu mzima akikutazama moja kwa moja, mstari wa macho hupita karibu na katikati ya kichwa, kuanzia utosini hadi kidevuni. Usipime uso peke yake, pima kichwa chote, na usihesabu nywele zilizosimama. Karibu kila anayeanza huyaweka juu zaidi, kwa kuwa paji la uso halina kitu cha kuchora na mkono hulibana bila mwenyewe kujua. Matokeo yake ni kichwa kinachoonekana kimekatwa juu. Kwa mtoto mdogo mambo hubadilika: paji ni kubwa, macho yako chini ya katikati, na ukitumia vipimo vya mtu mzima utapata mzee mfupi.

Chanzo cha pili ni meza. Karatasi ikilala bapa mezani, sehemu ya juu iko mbali na macho yako kuliko ya chini, kwa hiyo unaiona fupi kuliko ilivyo, na mkono unairefusha kufidia. Siku ukiutundika mchoro ukutani, unakuta kichwa kimekuwa kirefu upande wa utosi. Dawa ni kuuinua ubao: tumia kipande cha plaiwudi kilichoegemea vitabu, ili uitazame karatasi uso kwa uso. Simama, rudi nyuma hatua kadhaa, tazama, kisha ukae tena. Wachoraji wanaokaa wamejikunja juu ya karatasi kwa saa mbili mfululizo huwa wanachora pua nzuri sana kwenye uso usiofanana.

Chanzo cha tatu ni hesabu ya viboksi. Wengi huchora kwa gridi, yaani mistari ya viboksi inayopigwa kwenye picha na kwenye karatasi, na sina ugomvi nayo, mradi ujue inapokosea. Tuseme picha ina upana wa sentimita 9 na urefu wa 12. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa 29.7. Ukigawanya picha mara sita kwa nane, ukagawanya na A4 yote mara sita kwa nane, utaona umetenda haki, kumbe viboksi vya karatasi si mraba tena. Picha yenye upana wa 9 ikikuzwa hadi 21, urefu wake unapaswa kuwa 28. Zile sentimita 1.7 zilizobaki ziache wazi. Ukizijaza, kila kitu kinarefuka kidogo: uso wa duara unakuwa wa yai, na hakuna kiungo hata kimoja utakachoweza kukishika kwamba ndicho mkosaji.

Kama viboksi viko sawa na ubao umesimama, basi pima. Usipime kwa sentimita. Pima kitu kwa kitu. Chukua ukanda wa karatasi, weka alama ya upana wa jicho moja, kisha utembeze ukanda huo usoni. Kati ya jicho na jicho kwa kawaida panaingia jicho moja, na upana wote wa kichwa unakaribia macho matano. Ukanda uleule ushushe kati ya ncha ya chini ya pua na mdomo wa juu. Fanya hivyo kwenye picha, halafu kwenye mchoro kwa ukanda wake. Hapo kati ya pua na mdomo ndipo ninapokagua mapema kuliko sehemu nyingine: ni padogo, hapana kitu cha kuvutia, na mtu akiparefusha kwa milimita mbili tu anapata mtu mwingine kabisa. Kisha weka rula kutoka pembe ya mdomo kwenda juu uone inakutana na sehemu gani ya jicho, na uangalie masikio: kwa kawaida juu huanzia usawa wa nyusi na chini huishia usawa wa pua. Mtu akiinua kidevu au kukiinamisha, masikio ndiyo husema ukweli: akiinamisha yanapanda, akiinua yanashuka. Ukiona uso umeinama lakini masikio yamebaki pale yanapokaa uso ukiwa wima, umempata mkosaji.

Vipimo hivi vya kawaida ni vya kukupa pa kuanzia. Mtu unayemchora ana haki ya kuwa tofauti, na tofauti hizo ndizo zinazomfanya awe yeye.

Ndugu wanasema siye, lakini hawawezi kusema kwa nini

Mwanza, ukijulikana mtaani kuwa unachora, haitapita muda utaletewa picha ya marehemu. Ni ile picha ndogo ya pasipoti, imepauka, kona imekatika, na ndiyo pekee iliyobaki. Unachora, unampelekea shangazi mtu, anaitazama kwa muda.

"Mwanangu, mkono unao. Ila huyu siye kaka yangu."

Usimwonyeshe vipimo vyako. Muulize: "Kwani hapa anaonekanaje, shangazi?" Jibu lake litakuwa dalili, nalo lina chanzo chake.

Akisema "amekasirika", tazama ncha za ndani za nyusi. Zimeshuka au zimekaribiana kuliko kwenye picha. Pembe za mdomo nazo huchangia: kivuli kidogo kinachoelekea chini pembeni mwa mdomo kikiwa cheusi kupita kiasi, mtu hununa.

Akisema "umemzeesha", umechora mikunjo kama mistari. Ule mkunjo unaotoka puani kwenda pembeni mwa mdomo hauna mstari; ni upande mmoja wenye kivuli unaofifia taratibu na upande mmoja wenye mwanga. Chukua raba ya kufinyanga, ile laini inayobonyezeka kama udongo, ifinyange iwe na ncha, gusa mstari bila kusugua mpaka ufifie, kisha ulainishe upande mmoja tu.

Akisema "kama amefumba roho" au, kwa wasiopindisha maneno, "kama maiti", kosa liko machoni na nitalirudia hapo chini. Akisema "mnene", pima upana wa taya chini ya masikio, kisha uangalie shingo. Shingo nyembamba huufanya uso wa kawaida uonekane mnene, na watu wengi huchora shingo nyembamba. Akisema "ni yeye, ila akiwa na umri mdogo", shukuru: umbo umelipata, umekosa vivuli vya chini ya macho tu.

Mwonyeshe mwenye picha mchoro ukiwa bado mistari mepesi, kabla hujaweka kivuli hata kimoja. Mtu aliyeishi na marehemu miaka 30 ataona kwa sekunde jambo ambalo rula haitaliona, na wakati huo kurekebisha hakugharimu kitu.

Pua kubwa, masikio yamejificha

Hapa mkono hauna hatia, mwenye hatia ni simu. Picha aliyojipiga mtu mwenyewe kwa urefu wa mkono huikuza pua kwa kuwa pua iko karibu zaidi na kamera, na masikio hurudi nyuma. Ukiigiza kwa uaminifu, unaigiza uongo. Kama mhusika yupo, mpige upya ukiwa umbali wa mita moja na nusu au mbili, kisha ukuze. Kama hayupo, tafuta picha ya kundi, ya harusini au ya mahafali, ambako alipigwa kutoka mbali, uitumie kupimia pua na masikio.

Simu nyingi zina filta ya kulainisha ngozi ambayo huwaka yenyewe bila kuulizwa. Huipausha ngozi na kufuta vinyweleo, makovu na mikunjo, yaani kila kitu ambacho penseli ingekishika. Izime. Na picha ukitumiwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu huibana, na sehemu za giza hugeuka mabaka ya viboksi. Mwambie akutumie kama dokumenti.

Macho yamekuwa mashimo meusi

Mwanza iko kama nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua linakaribia kuwa utosini, nyusi zinavitia kivuli vishimo vya macho, na chini ya pua kunatokea doa jeusi linaloweza kudhaniwa sharubu. Hakuna ustadi wa penseli utakaoiokoa picha ya namna hiyo, kwa sababu taarifa haimo. Piga saa mbili asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni, au mkalishe mtu ndani, ubavu ukielekea dirisha.

Picha za jioni ufukweni zina kituko chao, na hiki nakipenda. Mji wa Mwanza uko upande wa mashariki wa ghuba, kwa hiyo jua huzamia ng'ambo ya maji. Mtu aliyesimama Kirumba au Capri Point akilielekea ziwa hupata mwanga mara mbili: ule wa jua lenyewe, na ule unaorudishwa na maji kutoka chini. Tazama picha ya namna hiyo kwa karibu. Chini ya kidevu, mahali ambapo kila mwongozo wa kuchora unakuambia uweke giza, kuna weupe hafifu. Chini ya ncha ya pua pia. Hata ukope wa juu, upande wa ndani, umepata mwanga. Mchoraji anayechora kwa mazoea hutia kivuli kizito chini ya taya, kisha anashangaa kwa nini uso wa jioni umegeuka uso wa studio. Chora ulichokiona.

Ngozi imekuwa ya kijivu, mtu amepauka

Dalili hii inatuhusu sana, kwa kuwa mifano mingi ya kufundishia imechorwa kwa watu weupe na ukiifuata unabaki na desturi ya kuacha karatasi tupu kwa ngozi yote iliyopata mwanga. Ngozi nyeusi haifanyi kazi hivyo. Rangi yake ya msingi iko chini kwenye ngazi ya weusi, na juu yake kuna ming'ao midogo, mikali, yenye mipaka inayoeleweka: juu ya shavu, kwenye daraja la pua, kwenye paji.

Chanzo cha kwanza cha kupauka ni weupe wa karatasi unaouzunguka uso. Kijivu cha wastani kikikaa kando ya karatasi nyeupe kinaonekana cheusi sana, unaogopa, unasimamisha mkono mapema. Dawa: kabla hujagusa ngozi, weka giza nyuma ya kichwa, hata upande mmoja tu. Sasa kijivu kilekile kitaonekana kilivyo, dhaifu, na mkono utapata ujasiri wa kuendelea.

Dawa ya pili ni kuamua mipaka mapema. Chora ukanda wa viboksi saba pembeni, kutoka karatasi tupu hadi weusi wa mwisho ambao penseli zako zinaweza kuutoa. Weusi wa mwisho ni wa mboni, matundu ya pua na kivuli ndani ya kola. Karatasi tupu ni ya nukta ya mwanga machoni na labda mng'ao wa mdomo. Ngozi yote iishi kati ya hapo, na kwa mtu mweusi sana itaishi kati ya kiboksi cha tatu na cha sita. Funika uso mzima kwa tabaka jepesi la HB, penseli ya ugumu wa wastani, kisha ujenge kwa 2B na 4B, zilizo laini na nyeusi zaidi. Ming'ao usiiache, itoe baadaye kwa raba iliyofinyangwa. Mng'ao uliotolewa kwa raba unabaki na kijivu kidogo ndani yake, na ndivyo ngozi ilivyo.

Sehemu za giza zinang'aa kama bati

Umejitahidi kupata weusi, umekandamiza 6B kwa nguvu zote, na sasa ukiutazama mchoro kwa ubavu, nywele na koti vinametameta na kuwa vyeupe kuliko uso. Ndani ya penseli hamna risasi wala mkaa. Kuna grafiti iliyochanganywa na udongo, utaratibu ambao Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliupatia hataza mwaka 1795. Udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu, ndizo za H. Grafiti ikizidi inakuwa laini na nyeusi, ndizo za B. Grafiti yenyewe ni chembe bapa. Ukikandamiza, unazilaza zote upande mmoja na kuzisawazisha na uso wa karatasi, nazo hurudisha mwanga kwa pamoja.

Kwa hiyo kukandamiza ndiko chanzo, na kukandamiza zaidi hakusaidii. Jenga weusi kwa matabaka mepesi, ukibadilisha mwelekeo wa mkono kila tabaka. Pale panapohitaji weusi wa kweli, tumia penseli ya mkaa, ambayo haing'ai. Ila iweke kwanza, karatasi ikiwa bado mpya. Mkaa hauushiki uso uliokwisha kulainishwa na grafiti, unateleza tu. Na kama tayari pameng'aa, inua grafiti kwa raba ya kufinyanga, taratibu, ukibonyeza na kuachia, kisha uanze upya kwa mkono mwepesi.

Wakati mwingine mchoro hauna shida, shida ni picha unayoipiga ili kuwaonyesha watu. Zima taa ya simu, usogeze mchoro karibu na dirisha, mwanga uje kutoka ubavuni, na usimame wewe wima mbele yake.

Mabaka, uchafu na alama zisizofutika

Mabaka meusi yasiyoeleweka kwenye shavu: ni kidole. Ngozi ina mafuta, na kama umetoka kula sato wa kukaanga ndiyo kabisa. Mafuta hayaonekani karatasi ikiwa nyeupe. Hujitokeza ukipitisha penseli, na raba haiyatoi. Usilainishe kwa kidole kamwe. Tumia tishu iliyokunjwa, pamba ya kijiti, au karatasi iliyoviringwa ikawa na ncha. Na chini ya kiganja kaa na karatasi safi muda wote, hasa miezi ya joto mkono unapotoka jasho. Anayetumia mkono wa kulia aanzie juu kushoto, wa kushoto kinyume chake.

Uso wote umekuwa wa ukungu, vivuli na mwanga vimekaribiana: umelainisha kupita kiasi. Rudisha mwanga kwa raba, rudisha giza kwa penseli iliyochongwa, na uache tishu kwa leo.

Mistari ya gridi inaonekana kama mifereji myeupe chini ya kivuli: uliichora kwa nguvu, tena pengine kwa penseli ya H ukidhani kwa kuwa ni hafifu itafutika vizuri. Ugumu wake ndio uliochimba karatasi. Mfereji haufutiki. Unaweza kuujaza kwa penseli ya B yenye ncha kali sana, ukifuata humohumo ndani, kazi ya kuchosha lakini inawezekana. Gridi ichorwe kwa HB, mkono ukiwa unaelea.

Ila kosa hilohilo lina faida yake. Chukua kalamu iliyokwisha wino, chora nayo nywele moja moja za mvi au ndevu nyeupe kabla ya kuweka kivuli, kisha upitishe 2B juu kwa ubapa. Mvi zinatokea zenyewe.

Anayechora usiku karibu na ziwa anawajua wale wadudu wadogo wanaoijia taa kwa makundi. Mmoja akitua kwenye shavu ulilomaliza, usimpige wala usimfagie kwa mkono. Mpulize. Kama ameshapondeka, acha akauke kabisa, kisha umwondoe kwa ncha ya wembe.

Karatasi imekataa kupokea penseli

Umefika tabaka la tatu na penseli inateleza bila kuacha kitu. Karatasi ya fotokopi, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ni laini na nyembamba, haina mikwaruzo ya kutosha kuishika grafiti. Tafuta ya gramu 160 au zaidi, au manila nyeupe. Ipapase pande zote mbili dukani, uchague upande usioteleza. Ni badiliko dogo lakini linaleta tofauti kubwa kuliko boksi zima la penseli mpya.

Masika na vuli karatasi hunyonya unyevu na kuvimba mawimbi. Ibandike ubaoni kwa seloteipu ya karatasi pande zote nne kabla ya kuanza, na usiihifadhi imeviringwa.

Penseli inakatika kila ukiichonga? Ilidondoka, ikavunjika kwa ndani. Achana na kichongeo, tumia wembe, uchonge polepole. Inakwaruza na kuacha mistari mikali hata kama imeandikwa 2B? Ni mbovu. Mpe mtoto wa shule.

Jicho halina uhai

Tuko kwenye yale malalamiko ya maiti. Kuna mambo manne, na mara nyingi yote yapo kwa pamoja.

Weupe wa jicho umeachwa mweupe. Jicho ni mpira, nao pia una kivuli: pembeni kuna kijivu, na juu, chini ya ukope, kuna kijivu kizito zaidi kwa sababu ukope wenyewe unatupa kivuli. Duara la rangi linaonekana zima, juu hadi chini. Kwa mtu aliyetulia ukope wa juu hufunika sehemu yake, na ukiliacha wazi lote mtu anaonekana ameshtuka. Ukope wa chini umechorwa mstari mweusi, wakati ule ni ukingo wenye unene, na juu ya unene huo hukaa mwanga mwembamba wenye unyevu. Na nukta ya mwanga haipo, au umeiweka katikati ya mboni kabisa. Ifuate kwenye picha: iko upande unakotoka mwanga, mara nyingi ikikata ukingo wa mboni, na kwenye macho yote mawili iko upande uleule. Ukiiweka kushoto kwa jicho moja na kulia kwa lingine, umepata mtu mwenye makengeza.

Meno na nywele

Meno yanaonekana ya mamba: umechora mstari kati ya jino na jino. Futa mistari yote. Chora kivuli cha mdomo wa juu juu ya meno, chora ufizi, weka nukta za giza kwenye pembe za mdomo, basi.

Nywele fupi zinaonekana kofia: umeanza kwa kuzungushia mstari. Nywele zetu hazina mstari wa mpaka. Anzia ndani kwa viduara vidogo vinavyopandana, uende ukipunguza kuelekea pembeni hadi paishe penyewe, na pale nywele zinapoanzia kwenye paji acha ngozi ionekane katikati yake. Nywele zilizosukwa twende kilioni nazo usizichore kwa mistari mirefu. Kila utepe una fundo baada ya fundo: giza panapoingia, mwanga panapovimba. Chora mafundo matatu ya mwanzo kwa uangalifu, yanayofuata yaache yafifie yakielekea nyuma ya kichwa. Ukizichora zote kwa nguvu moja, jicho la mtazamaji litaenda kisogoni badala ya usoni.

Umemaliza, na bado unaharibika

Spreyi ya nywele kama dawa ya kuushikisha mchoro inasifiwa sana, lakini kadiri miaka inavyokwenda huigeuza karatasi kuwa ya njano. Kama hupati dawa yake halisi, bora uweke karatasi laini juu yake na uuhifadhi umelala.

Mchoro umegandamana na kioo cha fremu: hili ni tatizo la unyevu, na nyumba zilizo karibu na maji zinalipata zaidi. Mwambie fundi fremu asiuweke mchoro ukigusa kioo. Akate kadi nene yenye dirisha katikati, ikae kati ya karatasi na kioo, hewa ipite. Kama umeshaganda, usiuvute ukiwa na unyevu. Fungua mgongo wa fremu, uache siku chache sehemu kavu isiyopigwa na jua, kisha uanze kuubandua kutoka kwenye kona isiyo na mchoro.